Nani Tunamsifu? Safari ya Odi, Tenzi na Wathi Hadi Kwaya Yetu

Tunasherehekea jubilii ya miaka 50. Kamati ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, majina ya wenyeviti, walimu wa kwaya na waweka hazina yalipewa kurasa zake pamoja na picha. Sisi tuliachiwa historia. Tukaona hakuna haja ya kurudia orodha ambayo msomaji ameshaipitia. Afadhali tuandike habari za kitu ambacho tumekuwa tukikifanya kila Jumapili kwa miaka yote hiyo, yaani wimbo wa sifa: ulitoka wapi, ulifikaje Machakos, na ni nani anayestahili kuimbiwa. Hilo la mwisho ndilo lililotuchukua vikao vitatu vya maandalizi, na bado wako wasioridhika.

Tuanze na jalada la kitabu. Wengi wetu tumekua na Tenzi za Rohoni mkononi. Tumezikariri hata kabla ya kujua kusoma. Lakini "tenzi" si neno la Kikamba, wala halikuletwa na wamishenari kutoka Marekani au Uingereza. Ni neno la washairi Waislamu wa Lamu na Pate. Lilifikaje juu ya kitabu cha nyimbo za kanisa?

Fungua Wakolosai 3:16. Mtume Paulo anataja aina 3 za uimbaji, na katika Kigiriki chake neno la tatu ni lile lile lililowapa Wazungu neno ambalo walimu wetu wa fasihi huliita odi. Kwa Wagiriki maana yake ilikuwa wimbo tu. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, walipolifikia neno hilo katika mstari huo waliliweka "tenzi". Kwa hiyo Tenzi za Rohoni, tukifuata neno kwa neno, ni odi za rohoni. Mwanakwaya anayebeba kitabu hicho kutoka Mua hadi mjini kwa matatu amebeba neno la Kigiriki lililovikwa vazi la Kilamu.

Hao Wagiriki walikuwa na odi kabla ya Paulo, na hazikuwa za rohoni. Mtunzi wao mkuu, Pindar, aliishi karne ya 5 kabla ya Kristo, na odi zake zaidi ya 40 zimetufikia. Aliwatungia washindi wa michezo ya Olympia na mingineyo: wakimbiaji, wapiganaji wa mieleka, wenye farasi na magari ya kukokotwa. Mshindi aliporudi kwao alipokewa na kundi la waimbaji waliocheza wakiimba, na kundi hilo liliitwa koros. Neno hilo lilipita Kilatini na Kiingereza mpaka likawa "kwaya". Tukisema kwaya zamani haikucheza, tunawasingizia Wagiriki.

Kama Pindar angezaliwa Machakos, angekuwa na kazi ya kutosha. Angetunga wimbo wa Cosmas Ndeti, aliyeshinda mbio za Boston mara 3 mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Angetunga mwingine wa Patrick Makau, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Lakini angetaka kujua kwanza nani atamlipa. Mwaka 476 kabla ya Kristo alimtungia odi Hieron, mtawala wa Syracuse, kwa sababu farasi wake alishinda. Hieron mwenyewe hakukimbia hata hatua moja. Alikuwa na farasi, alikuwa na fedha, naye akasifiwa.

Tulisimama hapo kwa muda mrefu katika mazungumzo yetu. Wimbo wa sifa una kawaida ya kuwa na mwenyewe, na mwenyewe mara nyingi ndiye anayelipa. Biblia inazo odi pia, na zina njia nyingine. Makanisa ya Kiorthodoksi mpaka leo yanahesabu odi 9 kutoka Maandiko, miongoni mwazo wimbo wa Musa baada ya kuvuka bahari katika Kutoka 15, wimbo wa Hana katika 1 Samweli 2, maombi ya Yona akiwa tumboni mwa samaki, na wimbo wa Mariamu katika Luka 1. Waimbaji hao ni akina nani? Mtoro wa Misri, mwanamke aliyechekwa kwa kukosa mtoto, nabii aliyekimbia kazi, msichana wa Nazareti. Hakuna mwenye farasi. Na wimbo wa Hana na ule wa Mariamu unawashusha wakubwa kutoka vitini mwao mbele ya wasikilizaji wote. Hieron asingelipia wimbo wa namna hiyo.

Sasa twende pwani, maana huko ndiko neno letu lilikokulia. Washairi wa Kiswahili walipokea kutoka kwa Waarabu kasida, wimbo mrefu wa sifa ambao aghalabu humsifu Mtume Muhammad. Kasida mashuhuri kuliko zote, Burda ya al-Busiri wa Misri, ni ya karne ya 13, na kasida bado huimbwa katika Maulidi ya Lamu pamoja na matari. Lakini Waswahili hawakukaa kwenye kupokea tu. Walikuwa na miundo yao, na mkubwa kati ya hiyo ni utenzi, ambao kwa lafudhi ya kaskazini ni utendi. Chuo cha Herkali, kilichotungwa na Bwana Mwengo wa Athman wa Pate, kinatokana na mwaka 1728. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha na dua ambao akina mama wa pwani waliuhifadhi kwa moyo. Mombasa nako Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, aliwatungia mashairi watawala wa Kimazrui wakati walipokuwa wakivutana na Sayyid Said wa Zanzibar. Muyaka alisifu na alichokoza, na aliowachokoza zaidi walikuwa maadui wa waliomlea. Pindar angemwelewa.

Utenzi una kanuni rahisi, ndiyo sababu unakaririka. Kila ubeti una mistari 4, kila mstari mizani 8, yaani silabi 8. Mistari 3 ya kwanza inalingana vina, na wa 4 unakuwa na kina chake ambacho hakibadiliki kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata beti zikiwa mia. Wanaotaka kuona, hapa tumeweka ubeti mmoja wa kwetu wenyewe, si wa kushindana na mtu:

Leo tupo ibadani,
toka Kangundo, Mbooni,
na wa Mua milimani,
sauti kuziinua.

Hesabu kwa vidole na utaona 8 kila mstari. Ubeti unaofuata ungelazimika kuishia "a" tena, na ndivyo msikilizaji anavyojua amefika mwisho wa ubeti hata akiwa nyuma kabisa ya umati.

Mtu mmoja anaunganisha pwani hiyo na Ukambani, naye ni Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani wa shirika la Kianglikana la CMS. Alipanda kuja Ukambani mwaka 1849 na tena 1851, akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, na katika safari ya pili Kivoi aliuawa njiani karibu na mto Tana huku Krapf akiponea chupuchupu. Katikati ya safari hizo mbili, mwaka 1850, Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen, Ujerumani, kwa kazi yake. Na mwaka 1854 huyo huyo Krapf alipeleka Ujerumani hati za tenzi za Kiswahili kutoka pwani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alibeba Injili kwa Kikamba na tenzi kwa Kiswahili, lakini hatuna dalili kwamba aliwahi kuzikutanisha. Hilo lilibaki kwa wengine.

Na sisi Wakamba, je? Tulikuwa na nini kabla ya vitabu? Tulikuwa na wathi, na wingi wake mbathi. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani mwaka 1911 na 1912, alikusanya baadhi yake pamoja na vitendawili na methali, akavitoa kitabuni mwaka 1934. Lakini asiyejua Kikamba akisoma kitabu hicho atapata maneno bila mtu, na wathi bila ngui ni kama moto wa kuchorwa.

Ngui ndiye mtunzi na ndiye kiongozi. Yeye hutanguliza, wengine huitikia. Si lazima awe mzee wala tajiri, kinachotakiwa ni sauti, kumbukumbu na ulimi usioogopa. Ngui alisifu: mwindaji, mchapa kazi, mama aliyejifungua, mgeni aliyefika salama. Na ngui huyo huyo alikuwa na mbathi za kukemea, zile zinazoitwa myali, ambamo mchoyo, mvivu na mwenye kiburi walitajwa hadharani watu wakicheka huku wakiogopa zamu yao. Wanafunzi wetu wa sekondari wanajifunza sifo kwenye ukurasa mmoja wa kitabu cha fasihi simulizi, na nyimbo za kejeli kwenye ukurasa mwingine. Kijijini zilikaa kinywani mwa mtu mmoja. Sifa ya ngui ilikuwa na thamani kwa sababu kila mtu alijua anaweza pia kukemea, na kwamba mbuzi mmoja hatamnyamazisha.

Tuliosikia mbathi za mwethya tunalijua jambo hili vizuri. Vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, ndivyo vilivyochimba matuta yanayozuia udongo wa vilima vyetu usichukuliwe na mvua, na kazi hiyo ilikwenda kwa wimbo. Ngui wa mwethya hakushika jembe muda wote. Alisimama juu ya tuta, akitaja majina. Aliyetajwa kwa sifa alichimba zaidi, na aliyetajwa kwa namna nyingine alichimba zaidi na zaidi.

Injili ilipofika kukaa, ilifika na nyimbo zake tayari. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walitua Mombasa mwaka 1895 na kabla ya mwaka kwisha wakafungua kituo cha kwanza Nzaui, ambako kwa mipaka ya leo ni Makueni. Scott alifariki Desemba 1896, kabla ya kazi hiyo kutimiza miaka miwili. Jina lake limebaki hapa mjini kwenye chuo cha theolojia kilichoanzishwa mwaka 1962, ambacho leo ni chuo kikuu. Waliofuata walijifunza Kikamba, wakatafsiri Maandiko, wakatafsiri nyimbo. Ngoma walizikataza. Kilumi, ngoma ya wanawake wenye kupandwa na pepo, ilikatazwa, na pamoja nayo zikaenda nyingine nyingi ambazo hazikuwa na pepo wowote. Hatuandiki haya kuwahukumu waliotuletea neno la uzima. Walikuwa na hofu yao, na waumini wa kwanza wa Kikamba wengi wao walikuwa na hofu hiyo hiyo, pengine kwa sababu nzuri kuliko wageni. Lakini matokeo yake ni kwamba ngui aliyeokoka aliingia kanisani akakuta kiti chake hakipo. Aliketi na wengine, akapewa kitabu.

Na kitabu kilikuwa na ugumu wake, ambao hata leo mwalimu wetu wa kwaya anapambana nao kila Jumatano jioni. Tuueleze kidogo, kwa sababu wengi huimba miaka 40 bila kujua kwa nini wimbo fulani unawachokesha na mwingine unajiimba.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mwoKOzi, BWAna, neEma. Nyimbo nyingi za Kiingereza zinaishia kwenye silabi nzito. Chukua ule wimbo wa neema wa John Newton, uliochapishwa mwaka 1779. Mistari yake ina silabi 8, 6, 8, 6, na kila mstari unaanza kwa mguu mwepesi na kuishia kwa mguu mzito. Ukiweka maneno ya Kiswahili kwenye tuni ya namna hiyo, tuni inavuta mwisho wa neno kwa nguvu na tunajikuta tunaimba "BwaNA" na "YeSU" kama watu waliojifunza Kiswahili jana. Kikamba nacho kina toni: sauti ikipanda mahali pa kushuka, neno linaweza kuwa neno lingine. Tuni iliyotungwa London haijui hilo.

Lakini angalia wimbo wa Joseph Scriven wa mwaka 1855, ule wa Yesu aliye rafiki yetu. Mistari yake ni ya silabi 8 na 7, na ile ya 8 inaanza kwa uzito na kuishia kwa wepesi. Kwa Kiswahili inatoka sawasawa na mstari wa utenzi, mizani 8, mkazo kwenye ya 7. Mwana Kupona angeuimba bila kufundishwa. Ndiyo sababu wimbo huo, ukianzishwa matangani Mwala au Masii bila kitabu wala kinanda, watu wote wanaingia kwa pamoja, hata wale ambao hawaonekani kanisani ila kwa mazishi. Sisi tunaamini si maneno peke yake. Ni mizani.

Kwa hiyo tunasema wazi: Tenzi za Rohoni ni tenzi kwa jina. Kwa umbo, nyingi ni nyimbo za Kizungu zenye maneno ya Kiswahili, na kwa bahati chache zinaangukia kwenye mizani ya kwetu. Aliyetumia umbo lenyewe la utenzi kwa Injili alikuwa Mathias Mnyampala wa Dodoma, Mkristo Mkatoliki na mshairi mkubwa wa Tanganyika, katika Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Inasikitisha kwamba kazi zake zinajulikana darasani kuliko kwaya. Zinangoja mtu wa kuzitia sauti.

Kilichotusaidia hapa kwetu kilikuwa kitu kidogo, solfa. Mchungaji John Curwen wa Uingereza aliieneza karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu mmoja wa kike, Sarah Glover wa Norwich. Herufi d, r, m, f, s, l, t, vituo vya nukta, na kipande cha chaki. Hakuna piano, hakuna umeme. Kwaya yetu ilipoanza, katikati ya miaka ya 1970, haikuwa na chombo kingine. Mwalimu aliandika solfa ubaoni, sauti nne zikagawanywa, na kwa mwezi mmoja wakulima waliotoka shambani wakaimba kwa sauti nne.

Kufikia wakati huo mambo yalikuwa yamebadilika. Wimbo wa taifa wa mwaka 1963 ulikuwa umewaonyesha Wakenya wote jambo: kamati ya wanamuziki watano ilichukua tuni ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa mto Tana, wakaivika maneno ya sala, na watu wakasimama wima kwa heshima mbele ya wimbo wa mama na mtoto. Kama tuni ya Wapokomo inafaa kusimamiwa na rais, wathi wa Mkamba unashindwaje kusimamiwa na mzee wa kanisa? Tamasha la muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, nalo lilikuwa limeongeza nyimbo za kienyeji, na walimu walirudi vijijini na kayamba. John Mbiti, mwana wa Kitui, kuhani na mwanatheolojia, alikuwa tayari ametoa hadithi za Wakamba mwaka 1966 na mashairi yake ya imani mwaka 1969. Baadaye, uzeeni, alitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, kwa hiyo yeye alilikuta lile neno la Paulo uso kwa uso.

Katika kwaya yetu ngui alirudi bila tangazo. Mama mmoja wa waasisi, ambaye familia yake imetuomba tusiandike jina, alikuwa akiongoza mbathi za mwethya. Hakuwa msomaji wa solfa. Siku moja mazoezini, tukiwa tumekwama kwenye wimbo uliogoma, aliutanguliza kwa namna yake, akakata mstari mrefu vipande viwili na kututupia cha pili tuitikie. Mwalimu aliacha chaki. Tangu hapo tuna nyimbo za aina mbili: za kitabu, na zile tunazoziita za susu, maana vijana walimwita hivyo. Maneno ni ya Maandiko, mwito na mwitikio ni wa tutani.

Sasa tufike kwenye lile swali. Odi ikirudi kwa watu, watu wenye vyeo huisikia. Miaka ya 1980 kwaya za shule, za vyuo na za idara za serikali kote nchini zilitunga nyimbo za kumsifu Rais Daniel arap Moi. Ziliimbwa sikukuu za kitaifa na kurushwa na Sauti ya Kenya, na baadhi yake, tukisema kweli ya muziki, zilikuwa zimetungwa vizuri sana. Kwaya za makanisa hazikubaki nyuma. Kila harambee ilikuwa na mgeni wa heshima, na kila mgeni wa heshima alitaka kusikia jina lake likipita kutoka soprano hadi besi. Mtindo ni rahisi: wimbo wa zamani wa kumsifu Mungu, mahali pa jina unaweka jina. Kwaya nyingi zimenunua sare na kinanda kwa njia hiyo. Makanisa yenyewe yameanza kuuona ugumu wake. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubu tena madhabahuni.

Jubilii yetu ina wageni wa heshima. Tulipoanza maandalizi, ombi la kwanza lililofika lilikuwa la wimbo wa kuwakaribisha wenye majina yao ndani, beti moja kwa kila mgeni, kwa mpangilio wa vyeo. Vijana walikuwa wepesi kukubali, maana spika zimezeeka na mchango unahitajika. Wazee wawili walikataa kabisa jina la mwanadamu lisiimbwe kanisani. Tulibishana, na ubishi ulikuwa mzuri. Mmoja wetu alisema Pindar alimsifu mwenye farasi na wimbo umedumu miaka 2500, ubaya uko wapi? Mwingine akamjibu kwamba Mariamu alilipwa nini, na wimbo wake unaimbwa kila siku.

Aliyetupatanisha alikuwa mama wa alto, ambaye katika kikao huongea mara moja kwa mwaka. Alisema Mkamba hakukataza kumsifu mtu, na Biblia haikukataza kumshukuru mtu. Kilichokosekana katika nyimbo za wageni ni ile nusu ya pili. Zamani ngui alikutaja kwa wema wako, na ukijua hivyo, ukajua pia kwamba ukikosea atakutaja. Sisi tumechukua nusu moja, tukaiuza.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Wageni watakaribishwa kwa wathi mmoja wa mwito na mwitikio, bila cheo cha mtu yeyote ndani yake. Watakaotajwa kwa jina ni waasisi waliotangulia mbele za haki, na watatajwa na ngui bila karatasi. Baada yao ngui ana ruhusa ya beti chache za myali, na tumekubaliana kwamba zitatuangukia kwanza sisi wanakwaya: wanaofika mazoezini wakati wa sala ya kufunga, wanaoazima sare na kuzirudisha bila vifungo, na besi, ambao wanajijua. Akitaka kuendelea hadi meza kuu, kamati haitamzuia.

Pia tumeanza kuandika nyimbo za susu. Nyingine zilikuwa kwenye kanda za kaseti ambazo utepe wake umeshikana, nyingine zimo kwenye daftari mbili zilizoliwa na mchwa pembeni, na nyingine zipo vichwani mwa watu wa miaka 70 na zaidi. Solfa inashika tuni, haishiki zile sauti za koo kati ya noti na noti, kwa hiyo tunazirekodi vilevile kwa simu. Yeyote aliyeimba nasi kabla ya mwaka 1990 na anakumbuka hata kiitikio kimoja, tafadhali amwone katibu wa kwaya chini ya mwembe baada ya chakula. Aje tu aimbe, hahitaji kukumbuka maneno yote.

Wathi wa wageni ni wa 8 katika ratiba, baada ya somo la pili. Maneno ya kiitikio yako ukurasa wa nyuma, tunaomba mkutano wote uitikie. Beti za ngui hazijachapishwa, kwa sababu hata sisi hajatuambia atasema nini.